Pembe Gawanya kwa Tatu

Jumatatu, 6 Mei

Siku imeanza vizuri, ikaharibika saa mbili kasoro dakika tano. Nimefika kazini viatu vinang'aa, nikamkuta mfagizi mlangoni mwa makumbusho, kashika ufagio kwa mikono miwili kama anayemsubiri nyoka. Akasema ndani kuna mtu. Na kweli alikuwemo! Mgeni wa jana. Eti alikaa kwenye kona moja ya Ukumbi Mkuu apumzishe miguu, chini ya pembe za nyati, usingizi ukampitia. Sisi tukafunga milango, tukaenda zetu. Hakuwa hata na hasira. Aliuliza tu kama tuna mahali pa kunawa uso.

Mama Mkurugenzi hakulichukulia hivyo. Ametuita walinzi wote kumi na mmoja, na mimi wa kumi na mbili. Amesema ukumbi ule umejengwa vipande vipande, kila mkurugenzi aliyepita aliongeza chumba na kuacha kichochoro, sasa una maficho ambayo hata yeye anayaogopa. Tena wageni wanalalamika kwamba tunawafuatafuata kama vifaranga na mama yao. Kwa hiyo basi: kutembea marufuku. Walinzi watakaa kwenye viti na kugeuza shingo tu. Anataka mpango. Viti vichache iwezekanavyo, na kusiwe na sehemu hata moja isiyoonekana. Watakaobaki watahamia jengo jipya, hakuna wa kupoteza kazi. Mwisho wa kuleta mipango ni Jumatatu ijayo.

Halafu akasema neno lenyewe. Atakayeleta mpango bora ndiye Mkuu wa Walinzi.

Moyo ulinidunda mpaka vifungo vikatikisika. Miaka sita mimi ni Kaimu! Niliambiwa nishike nafasi wiki mbili tu. Mlangoni kwangu kumeandikwa KAIMU MKUU WA WALINZI. Kwenye shati limeshonwa KAIMU. Hata wakwe wananiita Kaimu, juzi mama mkwe kaniuliza kama na ndoa pia naikaimu.

Nafasi hii ni yangu. Sitamwachia Kepteni.

Jumanne, 7 Mei

Kepteni ameshanunua karatasi ya manila. Na kalamu za rangi! Kwa wasiojua (ingawa shajara hii haisomwi na mtu): Kepteni ni mlinzi mwenzangu, hajawahi kuona jeshi wala meli. Alikuwa nahodha wa timu ya pili ya shule, ile inayokaa benchi. Jina limemganda na tumbo limemfuata. Leo amezunguka ukumbi akikaa hapa, akisimama pale, akikunja jicho moja. Kila nikipita anafunika karatasi kwa kifua.

Mimi sina haja ya kuzunguka. Mimi nina shemeji.

Shemeji ni mdogo wa mke wangu, anafundisha chuo kikuu, hesabu za maumbo kwa kompyuta. Siku zote nilidhani ni kazi ya kuchora masanduku. Jioni nimemkuta kwetu, nikamweleza shida. Alicheka, akapiga makofi. Akasema, "Shemeji, hilo swali lenu ni letu!" Kumbe wataalamu wameshakaa miaka na miaka wakijiuliza ukumbi wenye kuta zilizopindapinda unahitaji walinzi wangapi wasiohama mahali pao. Walinzi, kabisa, wamewataja walinzi. Nilijisikia mtu wa maana sana. Nikamwuliza mke wangu kama amesikia.

Jibu ni rahisi ajabu. Hesabu pembe za ukumbi, gawanya kwa tatu, kinachobaki tupa. Idadi hiyo inatosha siku zote, ukumbi uwe umepinda vipi. Shemeji aliendelea kueleza kwa nini, kukawa na mambo ya kamba na rangi, lakini chakula kilikuwa kimeletwa na mtu hawezi kutumikia mabwana wawili.

Nimeandika kiganjani: PEMBE GAWANYA KWA TATU. Nalala nimefurahi.

Jumatano, 8 Mei

Kuhesabu mwenyewe siwezi. Kwanza Kepteni ananichunga. Pili, magoti. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini hakuna methali inayomkataza kumtuma mwenzake ainame.

Nimemtuma mzee wa stoo. Huyu ana sifa moja kubwa: hafanyi pungufu wala zaidi ya ulichoandika. Ukimwandikia "njoo mbio" atafika anatweta. Nikampa kikaratasi: *Hesabu pembe zote za Ukumbi Mkuu. Siri.* Akavaa miwani, akasoma mara mbili, akakikunja, akaenda na ngazi. Ya nini ngazi? Sikuuliza. Fundi humwachii zana zake?

Saa tisa karudi. Themanini na saba!

Nilikaa chini. Themanini na saba gawanya kwa tatu ni ishirini na tisa. Walinzi ishirini na tisa! Ninao kumi na mmoja, wawili kati yao wanasinzia kwa zamu. Nikamwuliza ana hakika. Akasema amezigusa moja moja, na nyingine zina vumbi la kutia aibu.

Nikafikiri. Nikamwuliza kwa sauti ya chini kama pembe zinaweza kupunguzwa. Akasema bila wasiwasi kwamba nyingi zimelegea, ukivuta kidogo zinatoka. Nilishtuka! Nikauliza kama jengo halitadhurika. Akasema jengo halitahisi chochote. Inahitajika mbao? Saruji? Akaniangalia kwa huruma, akasema bisibisi inatosha.

Ama kweli aliyekula chumvi nyingi ana siri nyingi. Mimi ningeita wakandarasi. Nikapiga hesabu haraka: zikibaki kumi na nane, walinzi ni sita. Sita! Nikaandika kikaratasi cha pili: *Pembe 69 za Ukumbi Mkuu ziondolewe. Zibaki 18 tu. Siri kubwa.* Kesho Alhamisi tunafunga kwa mapumziko ya wiki, hakutakuwa na mtu ukumbini. Mzee akauliza aziweke wapi. Nikacheka sana. Nikamwambia aziweke popote anapopenda. Mzee ana mzaha huyu, sikujua.

Alhamisi, 9 Mei

Mapumziko. Nimekaa kibarazani, miguu kwenye ndoo ya maji ya uvuguvugu, nikifanya mazoezi ya hotuba ya kushukuru. Mke wangu amesema ni ndefu. Nimeongeza aya moja kumhusu yeye, akasema sasa imekaa sawa.

Mke alipouliza mpango wenyewe ukoje nikamwambia jengo linafanyiwa marekebisho madogo kwa bisibisi. Akaniangalia. Yule mwanamke ana namna ya kuangalia.

Ijumaa, 10 Mei

Loh! Loh! Loh!

Nimeingia saa mbili, nikasikia filimbi. Kepteni alikuwa katikati ya Ukumbi Mkuu anapuliza mpaka mashavu yamekuwa meusi. Mama Mkurugenzi kasimama, mkono kichwani. Kuta tupu! Matundu ya skrubu yanatuangalia. Pembe za nyati hakuna. Za kulungu hakuna. Zile ndefu za kujikunja hakuna, na ile kubwa ya kupigia mbiu ya mgambo, fahari ya makumbusho, haipo. Zimebaki chache pembeni, kama meno ya mzee.

Nilielewa palepale. Nilielewa kuanzia kichwani mpaka kwenye soksi. PEMBE!

Mama Mkurugenzi alikuwa ameshika simu kuita polisi. Akauliza inawezekanaje wezi wabebe mzigo kama huo na mlinzi asione. Kepteni akasema hilo ni swali la Kaimu. Hapo akatokea mzee wa stoo, taratibu, na daftari lake na vikaratasi vyangu viwili. Akavisoma kwa sauti. Alipofika kwenye "siri kubwa" akasimama, akaomba radhi, akasema sasa ni lazima aitoe.

Pembe zote ziko stoo. Amezipanga kwa urefu, kila moja ina kibandiko. Hakuna hata iliyokwaruzika.

Nilipoulizwa nieleze, ulimi wangu ulikimbia peke yake. Nikasema ni kwa ajili ya vumbi. Nikasema nimeona aibu ya vumbi kwa muda mrefu. Mama Mkurugenzi akasema basi ni vizuri, Kaimu mwenyewe achukue kitambaa, azipanguse zote sitini na tisa, na kesho jioni ziwe zimerudi ukutani.

Nimepangusa pembe kutwa nzima. Ya nyati ina matuta mengi kuliko inavyoonekana kwa mbali. Kepteni alipita mara nne. Mara ya nne alinong'ona, "Umesahau ya swala hapo, Mkuu." Mkuu! Kwa kejeli! Nafasi yangu nimeiona inakwenda zake mbele ya macho yangu, nikataka kulia, kwa kweli, kitambaa kimenisitiri.

Jumamosi, 11 Mei

Nimempigia shemeji asubuhi. Alicheka mpaka simu ikakatika. Akapiga tena, akacheka tena. Nikamwambia si angesema *kona*! Akajibu kwamba darasani wanasema pembe, na kwamba katika wanafunzi wote aliowahi kufundisha, mvivu na mwerevu, hajatokea hata mmoja aliyekwenda kwenye hesabu na bisibisi.

Lakini ni mtu mwema. Tulipofunga saa kumi amekuja mwenyewe, na uzi na chaki za rangi tatu. Mzee wa stoo alikuwa anamalizia kukaza pembe ya mwisho, naye akabaki. Nilitaka kumfukuza, shemeji akasema anahitaji mtu makini wa kushika uzi. Alinitazama aliposema *makini*.

Tumehesabu kona za kuta, zile zinazoingia ndani na zile zinazochomoza. Ishirini. Ishirini tu! Gawanya kwa tatu: sita, na mbili za kutupa.

Sita vilevile! Nikamwambia shemeji basi hesabu yangu ya pembe za wanyama ilikuwa sahihi tangu mwanzo. Akasema hapana. Nikamwambia kumi na nane gawanya kwa tatu ni ngapi. Akasema tuendelee na kazi.

Sasa kazi yenyewe, niiandike nisisahau. Unavuta uzi kutoka kona hadi kona, uzi usikatane na mwenzake wala usipenye ukutani, mpaka ukumbi wote umekatwa pembetatu. Mzee wa stoo aliposikia "pembetatu" alinyoosha mkono, akasema katika daftari lake hakuna mnyama wa namna hiyo. Tumemweleza. Pembetatu kumi na nane. Halafu unapaka kila kona chaki: nyekundu, buluu au njano, kwa sharti moja, pembetatu isiwe na rangi moja mara mbili. Nilidhani itatuchukua mpaka kesho. Wapi! Ukishaipaka ya kwanza, nyingine zinajipanga zenyewe, huna hata pa kuchagua. Mzee alikuwa anasema rangi kabla shemeji hajafika kwenye kona.

Tukahesabu. Nyekundu saba. Buluu saba. Njano sita.

Shemeji akasema kila pembetatu ina kona moja ya njano, na anayekaa kwenye kona ya pembetatu anaiona yote, haina pa kujificha. Kwa hiyo weka viti penye njano, umemaliza. Nimekaa sakafuni nikaangalia zile nyuzi. Jamani! Ni jambo zuri. Sijui nisemeje. Nimefanya kazi katika ukumbi ule miaka kumi na tisa, na leo ndiyo mara ya kwanza nimeuona wote.

Wakati tunakunja nyuzi shemeji aliongeza kwamba sita zinatosha kwa uhakika, ila huenda hata tano zingetosha. Kujua idadi ndogo kabisa ni kazi inayoitoa kompyuta jasho, kona zikizidi. Nikamwambia ukweli mwingine mtu anaweka mfukoni. Mfuko wangu una zipu.

Jumatatu, 13 Mei

Niandike upesi kabla furaha haijapoa.

Kepteni alitangulia. Alibandika manila yake, ina nyota, ina mishale, ina bendera kwenye kona. Akasema: viti vitano!

Tano! Nikamtazama mzee wa stoo, akatazama sakafu.

Mama Mkurugenzi akasema maneno matupu hayavunji mfupa, tujaribu. Walinzi wakae kwenye viti vya Kepteni, yeye ataingia na kitabu chake na kutafuta maficho. Anayemwona ainue mkono. Basi akaingia. Tukasubiri. Mikono kimya. Tukasubiri. Kepteni akaanza kukohoa. Kutoka mahali fulani tukasikia karatasi inafunuliwa. Halafu tena. Alitoka kwenye kichochoro cha nyuma, akasema amefika ukurasa wa kumi na moja na kinachofuata kinaonekana kizuri.

Kepteni aliapa kwamba kichochoro kile alikijaribu mwenyewe, alijificha humo, akaonekana. Mama Mkurugenzi, ambaye ni mwembamba kama kalamu, alimtazama Kepteni tumboni, akasema hilo linawezekana. Kicheko! Mfagizi ilibidi atoke nje. Nilimwonea Kepteni huruma kidogo. Kidogo sana.

Zamu yangu. Viti sita penye njano. Alijaribu kichochoro cha nyuma: mkono juu. Alijaribu nyuma ya mlango: mikono miwili juu. Alikaa chini, alijibana ukutani, alikwenda kinyumenyume. Sehemu kumi na saba nimezihesabu, na kila mara mkono juu. Mwishoni alikuwa anacheka kama mtoto anayecheza kibe cha kujificha.

Akaniuliza nimefanyaje. Nikasimama wima. "Pembe gawanya kwa tatu." Akauliza kwa nini tatu, kwa nini si nne. Hapo chakula cha Jumanne kilinisaliti. Mzee wa stoo akasema kutoka nyuma, polepole, "Kwa sababu ya rangi, Mama." Nikasema ndivyo nilivyotaka kusema.

Jumanne, 14 Mei

Nimeitwa ofisini. NIMEPATA!

Neno Kaimu linaondoka! Barua imeshachapwa, nimeiona kwa macho yangu, imelala mezani kichwa chini miguu juu nami nikaisoma hivyohivyo. Ila Mama Mkurugenzi hajasaini. Amesema bado analikumbuka tukio la Ijumaa, na hadithi ya vumbi hakuiamini hata dakika moja. Atasaini Ijumaa ya tarehe ishirini na nne, kwa sharti moja. Mpaka siku hiyo asisikie kituko. "Kitu changu kimoja tu kikiguswa," amesema, "utakuwa Kaimu mpaka ustaafu."

Siku kumi! Nani anashindwa kutulia siku kumi?

Kepteni amenipa mkono. Amekubali kiti cha njano karibu na dirisha na anasema upepo ni mzuri. Si mtu mbaya, ukimzoea.

Nyumbani mke wangu ameniambia mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nikamwambia nimejifunza. Kosa langu lilikuwa moja tu: vikaratasi vyangu vilikuwa vifupi mno. Mtu akiandika agizo lazima aandike kwa ukamilifu. Siku ile, loh, neno moja lenye maana mbili lilikaribia kunimaliza. Halitanipata tena. Mke wangu akauliza kwa nini nisiende tu kuzungumza na watu, nikawaonyesha kwa kidole. Kiongozi anaonyesha kwa kidole?

Jumatano, 22 Mei

Siku nane bila kituko. Amani tupu. Fundi wa vibao amekuja kupima mlango wangu.

Leo kulikuwa na shughuli kidogo. Asubuhi limefika sanduku kutoka makumbusho rafiki: paa aliyekaushwa, mzima, kwato mpaka masikio, macho ya kioo. Mama Mkurugenzi amemsubiri miaka mitatu. Alimpapasa shingo, machozi yakamlenga. Ijumaa asubuhi atamzindua mbele ya wageni, kisha ndiyo asaini barua yangu, mambo yote siku moja. Kwa sasa paa kalala stoo, kafunikwa shuka.

Nimekwenda kumwangalia, ndipo nikaona hatari ambayo hakuna mwingine aliyeiona. Mwanga! Bati la stoo limetoboka. Mvua ikinyesha kabla ya Ijumaa, kitu cha Mama Mkurugenzi kitalowa, na nani atalaumiwa? Mlinzi wa kweli huona mapema.

Nimemwandikia mzee wa stoo. Safari hii kwa ukamilifu, kama nilivyoapa: *Matundu yote ya paa yazibwe kwa lami kabla ya Ijumaa asubuhi. Lami iwe nzito. Usibakize hata moja, dogo wala kubwa. Usimsumbue Mama Mkurugenzi.* Nimemsomea mara mbili. Hata mtoto angeelewa.

Alikunakuna kidevu. Akauliza kama na yale mawili madogo ya mbele. Nikasema hayo hasa. Akauliza, kwa heshima, na lile la nyuma. Nikamwambia hilo ndilo la kuanza nalo! Akaandika kwenye daftari lake. Mtu makini, shemeji hakukosea.

Nimekaa hapa ofisini, miguu juu ya meza. Harufu ya lami inakuja na upepo, na mzee anaimba huko stoo. Kesho kutwa mimi ni Mkuu.